Tusizae Mpaka Lini?

Mada ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa chaki ya bluu: "Mkimbizi asizae mpaka apate makazi ya kudumu." Ilikuwa Ijumaa jioni, mdahalo wa chama chetu cha Kiswahili hapa Mbarara, na mimi niliwekwa upande wa kupinga. Nilishindwa. Kura 31 kwa 9, na moja kati ya hizo tisa ilikuwa yangu mwenyewe. Mwenyekiti alinipa pole. Mhadhiri wetu alisema nimepoteza utulivu, na alisema kweli. Nilikuwa nimeandaa takwimu zangu vizuri, lakini msemaji wa kwanza wa upande wa pili alipofungua kwa kusema kwamba kuzaa kambini ni ukatili, niliacha karatasi mezani nikaanza kueleza habari za mama yangu. Ukumbi ulinisikiliza kwa adabu, kama watu wanavyomsikiliza mfiwa, kisha ukapiga kura.

Hii basi ndiyo hotuba niliyopaswa kuitoa siku ile. Yule msemaji ni rafiki yangu, tunakaa benchi moja. Ameshaisoma na bado anaikataa.

Nianze na neno "mpaka". Ndilo neno zito kuliko yote katika mada ile, na hakuna aliyeligusa, hata mimi. Anayesema mkimbizi asubiri anadhani kusubiri kwetu ni kama kusubiri matokeo ya mtihani: mwezi, miezi mitatu, mwisho wake unajulikana. Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na wenyeji wake wa kwanza walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Chukueni msichana mmoja katika wale, mwenye miaka 20 siku aliyovuka mpaka. Njia ya kurudi kwao ilifunguka mwaka 1994. Hesabuni: alikuwa na miaka 55. Na hiyo miaka 35 hakuipitisha kwa utulivu, maana mwaka 1982, wakati wa serikali ya pili ya Obote, Wanyarwanda walifukuzwa makwao hapa hapa Ankole, nyumba zikachomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Kwa hiyo hata ile ardhi aliyoanza kuiona kuwa ya kudumu haikuwa ya kudumu. Msichana yule angetii mada yetu, angerudi kwao mwanamke mzima, peke yake, akiwa amekosa kila kitu alichoambiwa angojee.

Hakungoja. Wenzake pia hawakungoja. Wale waliovuka mpaka tena Oktoba 1990, wakielekea upande wa pili, wengi wao walikuwa watoto waliokulia katika makazi ya wakimbizi ya Uganda. Fred Rwigyema, aliyewaongoza, alikulia Nshungerezi, katika makazi ya hapa Ankole. Sisemi hivyo ili mtu azae akitumaini kupata jenerali. Mtoto wa Rubondo akiwa fundi cherehani au muuza chapati inanitosha. Ninachosema ni kwamba "mpaka" yetu haina tarehe, na sharti lisilo na tarehe ni katazo lililovaa nguo nzuri.

Wanafunzi wenzangu wa Uganda huenda hamjui kwamba mada ile, mliyoiona kuwa mchezo wa Ijumaa, ndiyo sheria isiyoandikwa ambayo watu wengi wa kwetu wanaiishi. Inaitwa kesi. Mtu akikuuliza Nakivale "kesi yako imefika wapi?" hakuulizi habari za mahakama. Anauliza faili lako la kuhamishiwa nchi ya tatu, Marekani au Kanada au Australia, limefika hatua gani. Faili hilo lina majina ya familia, na majina hayo hayapendi kubadilika. Ukiolewa, unatolewa kwenye karatasi ya baba, na safari yako inaanza upya. Mtoto akizaliwa katikati, lazima aongezwe, na kuongezwa kuna mahojiano yake na kungoja kwake. Vipimo vya afya vina muda. Muda ukipita, vinarudiwa. Mjamzito aliyekaribia kujifungua hapandishwi ndege. Hakuna ofisa anayemwambia mtu asizae. Hahitaji kumwambia. Mtu anajionea mwenyewe majirani waliokwama kwa sababu ya kichanga, na akirudi nyumbani anajua la kufanya.

Nina yaya. Kwa Kiswahili chetu cha Kivu yaya ni ndugu mkubwa, si mfanyakazi wa ndani, nafafanua kwa sababu hapa chuoni neno hili limewahi kunichekesha. Yaya alifanyiwa mahojiano ya kwanza mwaka 2016 akiwa na miaka 24. Alikuwa na mchumba, kijana wa Juru, fundi wa baiskeli, mtu mpole. Walikubaliana wangoje: yaya aondoke na faili la baba, akifika huko amwite. Ikaja 2019, mahojiano ya pili. Ikaja 2020, korona, kila kitu kikafungwa. Mwaka 2021 yule kijana alikuja nyumbani kwa heshima zote, akakaa na baba chini ya mwembe, akasema amechoka. Hakuna aliyemlaumu. Leo ana watoto wawili. Yaya alipimwa afya 2023, akapimwa tena 2024, akanunua sanduku. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wote wa kupokea wakimbizi, na habari ilienea Base Camp kabla ya jua kuzama. Watu waliokuwa wameshauza magodoro walikuwa wanakwenda kuyaomba tena. Nchi ya kesi yetu ilikuwa nyingine, sitaitaja, lakini nayo ilinyamaza mwaka huo huo. Yaya ana miaka 33. Sanduku liko juu ya kabati na tunaweka mahindi ya mbegu ndani yake.

Mimi naomba mtu aliyepiga kura ya ndiyo aje anieleze, kwa hoja, yaya alipata nini. Mtoto ambaye hakuzaliwa hakuepushwa na shida yoyote, kwa sababu hayupo wa kuepushwa. Aliyekuwepo ni yaya, naye amepoteza miaka tisa na mwanamume aliyempenda, kwa kufuata ushauri ule ule mlioupigia makofi.

Sasa nije kwa wale wanaosema kwamba sisi tunazaa ovyo kwa sababu chakula kinatoka kwa wafadhili. Neno hili nililisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi, kwenye benchi la kituo kimoja cha afya, muuguzi akimwambia mama aliyekuwa amebeba mdogo wangu wa mwisho: "Nyinyi mnazaa tu, maana mnalishwa." Mama hakujibu. Alikuwa na foleni ya kulinda.

Nijibu mimi kwa niaba yake. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mwanamke wa Uganda huzaa kwa wastani watoto 5.4. Hao ni Waganda, Wanyankole, Wabasoga, wenye vitambulisho vya taifa na migomba yao. Mwenzangu aliyefungua mdahalo ni wa sita kwa baba yake, na simlaumu kuwa wa sita, ningemkosa. Ila nataka aone kwamba uzazi ule ule kwao unaitwa ukoo na kwetu unaitwa mzigo. Isingiro ni ukanda wa ng'ombe, na ukame ukija unakausha shamba la mwenyeji na la mkimbizi kwa zamu ile ile. Iweje basi kutokuwa na uhakika kumhukumu mmoja tu kati yao?

Na kuhusu kulishwa, tuangalie. Aprili 2020 mgao wa WFP ulipunguzwa kwa asilimia 30. Februari 2021 ukashushwa hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Mwaka 2023 tukagawanywa makundi matatu, na kundi lililoonekana linaweza kujitegemea likaondolewa kabisa. Mei 2025 watu kama milioni moja nchini Uganda wakafutwa katika orodha. Sababu iliyotajwa kila mara ilikuwa moja: fedha za wafadhili zimepungua. Hakuna hata punguzo moja lililosababishwa na mtoto kuzaliwa Juru. Hata tungefunga vizazi vyote tangu 2020, wafadhili wangepunguza vilevile, na tungekuwa na njaa ile ile tukiwa wachache zaidi wa kuilimia mihogo.

Hapo wazee wa kwetu watafurahi na kusema, ndiyo, binti kasema vizuri, mtoto huja na riziki yake. La, wazee wangu. Shikamooni, lakini la. Na nyinyi ninawapinga, tena kwa hasira zaidi, kwa sababu nyinyi ni wangu.

Nimesikia methali hiyo maisha yangu yote na sijawahi kuisikia kinywani mwa mtu aliyeshika mwiko. Anayeisema amekaa, anayegawa posho yuko jikoni, anahesabu sahani, anajitoa yeye mwenyewe katika hesabu ili zitoshe. Sisi tulikuwa saba. Riziki ya yule wa saba ilitoka kwenye ya wa tano na wa sita, na nyingi ilitoka kwa mama, ambaye meno yake mawili yaling'oka ujauzito ule. Kuna wanawake jirani zetu wanaokwenda kuchoma sindano ya uzazi wa mpango na kuacha kadi ya kliniki kwa rafiki, nyumba ya tatu, mume asiione. Mwanamke mtu mzima, aliyevuka vita na watoto mgongoni, anaficha kadi kama mwanafunzi anayeficha barua. Wazee wakiulizwa wanasema tumepoteza watu wengi Kongo, lazima tujaze tena ukoo. Najua tumepoteza watu. Lakini tumbo la mtu si mahali pa kulipia deni la vita ambayo hakuianzisha.

Tazameni basi jinsi pande hizi mbili, zinazodhani zinapingana, zinavyofanana. Mmoja anasema usizae, faili litaharibika. Mwingine anasema zaa, ukoo utakwisha. Hakuna anayemuuliza mwenye mimba. Uamuzi umetolewa kwake na kukabidhiwa, kwa upande mmoja, afisa asiyemjua jina, na kwa upande mwingine, marehemu.

Katika mdahalo msemaji wao wa pili, aliyesoma zaidi yetu sote, alituletea wanafalsafa. Alimtaja David Benatar wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambaye mwaka 2006 alitoa kitabu kizima cha kutetea kwamba kutozaliwa kabisa ni afadhali kuliko kuzaliwa. Akawataja na vijana wa Uingereza ambao mwaka 2019 walitangaza mgomo wa kuzaa kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Sikuwa na jibu siku ile. Leo nasema hivi: hao wa Uingereza nawaheshimu, kwa sababu wameamua juu ya miili yao wenyewe, kwa sauti yao wenyewe, na kwao hakuna aliyewatungia mada ubaoni. Benatar naye, tukimfuata, hazungumzii wakimbizi. Anamzungumzia kila mtu, hata mtoto wa tajiri wa Kampala. Ukimkubali, kubali kwamba baba yako pia alikosea kukuzaa. Usimchukue mwanafalsafa mzima ukamshusha Nakivale peke yake. Tena, kama uhakika ndio unaoleta watoto, Korea Kusini ingejaa watoto. Ni nchi tajiri, ina treni na hospitali, na mwaka 2023 wastani wake ulikuwa mtoto 0.72 kwa kila mwanamke, wa chini kuliko nchi yoyote. Watu hawazai kwa sababu dunia ina uhakika, wala hawaachi kuzaa kwa sababu haina. Wana sababu nyingine, za karibu zaidi.

Nikubali sasa hoja moja yao ambayo ni kali kweli. Walisema: mzazi anapata mtoto, lakini mtoto anapata ukimbizi. Hili lina ukweli unaouma, na ukweli wake umeandikwa katika Katiba ya Uganda ya 1995. Ibara ya 12 inaruhusu baadhi ya watu waliozaliwa nchini kuandikishwa kuwa raia, lakini inawatoa wale ambao mzazi wao alikuwa mkimbizi. Wala haiishii kwa mzazi, inafika kwa babu na bibi. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba mkimbizi anaweza kuomba uraia kwa njia nyingine, ile ya kutajinisiwa, ambayo inadai miaka ishirini ya kukaa nchini. Lakini ule mlango wa kuandikishwa ulibaki umefungwa. Mimi nilizaliwa Nakivale mwaka 2001. Sijawahi kuiona Rutshuru. Nikizaa, mtoto wangu atakuwa na bibi mkimbizi, na sheria itamkumbuka bibi huyo kuliko mtoto mwenyewe atakavyomkumbuka.

Hapo ndipo rafiki yangu alipopigia meza, akisema: umeona! Nimeona. Lakini hebu tusome tena. Huku "kutokuwa na uhakika" kunakosemwa kana kwamba ni mvua, kana kwamba kumeshuka toka juu, kumeandikwa na watu, kuna namba ya ibara. Kilichoandikwa na watu kinaweza kuandikwa upya na watu. Mna haki ya kupiga kura, wenzangu, mimi sina. Mkiwa na huruma na mtoto wangu ambaye hajazaliwa, kama mlivyodai kwa dakika saba kila mmoja, basi itumieni kura hiyo kwa mbunge wenu. Kumwambia mama asimzae mtoto ili sheria isiaibike ni kumpa mtu wa mwisho kwenye foleni adhabu ya mtu wa kwanza.

Niwaambie na jambo ambalo silipendi. Nilipokuwa darasa la sita, katika shule moja ya nje ya makazi, mwalimu aliwaita kwa majina watoto wote, na mimi akaniita "mkimbizi". Nilirudi nyumbani nikamuuliza mama kwa nini alinizaa kambini. (Tunaambiwa Nakivale si kambi, ni makazi. Sawa, lakini sisi wenyewe tunasema kambi.) Mama alikuwa anachambua maharagwe. Alisema: "Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na nilikutaka. Ningekuwa Rutshuru ningekuzaa Rutshuru." Akaniambia niende kuchota maji. Kwa miaka mingi nililiona jibu hilo dogo. Sasa naona ndilo jibu pekee la kweli nililowahi kusikia katika mjadala huu, kwa sababu lina mtu ndani yake anayesema "nilitaka". Wa saba hakumtaka, aliniambia hilo pia, baadaye, kwa sauti ya chini. Anampenda, lakini hakumtaka, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo msidhani natetea kuzaa. Tuliokaa chumba kimoja cha kupanga huko Kakoba ni wasichana watatu. Mmoja wetu, naye ni wa Nakivale, ameapa kwamba hatazaa kamwe, na sababu zake ni nzito kuliko za Benatar: amewalea wadogo zake wanne tangu akiwa na miaka kumi na miwili na anasema amemaliza kuwa mama. Nani atambishia? Akimtembelea mama yake wanamwombea kanisani, yeye anaitikia amina na kurudi Mbarara. Ninamtetea yeye kama ninavyomtetea yaya. Ninachokataa ni uamuzi wa mtu kufanywa na kitu kisichomlea mtoto: faili, methali, mada ya Ijumaa.

Mtaniuliza, je, mtu aamue kwa kipimo gani, ikiwa kesho haijulikani? Mimi nimejipimia hivi, na sisemi ni kipimo cha wote. Siulizi dunia itakuwaje mwaka 2050, maana hata wenye vyuo vya kuuliza hivyo hawajui. Nauliza mambo yaliyo ndani ya siku moja ya kutembea. Nikiumwa, nani atambeba mtoto? Yaya, na ameshasema. Kuna kipande cha ardhi? Kipo, kimepungua kuliko walichopewa waliotutangulia, lakini mahindi na maharagwe yanaota. Nina kazi ya mikono inayoniingizia shilingi hata mgao ukifutwa kesho? Ninashona, na nikimaliza shahada nitafundisha Kiswahili, ambacho tangu agizo la Baraza la Mawaziri la 2022 shule nyingi zinakitafutia walimu. Baba wa mtoto ataamka usiku? Nimemwuliza mbele ya mama yake, akasema ndiyo, na mama yake akacheka sana, sijui kwa nini. Nikapata watoto wawili. Watatu, hesabu inakataa. Wawili.

Rafiki yangu anasema hesabu hiyo ni ndogo mno, haina vita ndani yake, haina ukame, haina uchaguzi wa Marekani. Ni kweli haina. Mama alipovuka mpaka hakujua hata jina la mahali alipokuwa akienda, lakini alijua ni nani kati ya wale waliotembea naye angemshikia mtoto akienda kutafuta maji. Hesabu yangu ni ya namna hiyo.

Tunafunga ndoa mwezi wa nane. Baada ya hapo nitakwenda kwenye dirisha la ofisi na karatasi ya familia ya baba, jina langu litolewe na karatasi yangu ifunguliwe. Yaya alikwishaniambia swali litakalofuata, kwa sababu aliwahi kulijibu yeye: wataniuliza kama ninaelewa kwamba nikitoka humo kesi yangu itaanza mwanzo. Yeye alijibu kwamba atafikiri kwanza. Amesema siku hiyo atanisindikiza, tutapanda boda boda moja, na sanduku lake atanipa niwekee nguo za mtoto, akishatoa mahindi.